Tairi Lililoliwa kwa Ndani

Nakumbuka siku tuliyokuwa tunampeleka mdogo wangu Mwanaidi kwa mumewe kule Kaole. Mwanangu, usinione hivi nilivyo sasa. Wakati huo nilikuwa msichana, na nikipiga vigelegele nasikika mpaka mashambani. Tulikuwa nyumbani kwetu Miono, tumekwisha kupanda pikapu ya kaka yetu Salehe. Bibi harusi na mama walikaa mbele pamoja naye, sisi wanawake tumejaa nyuma na ngoma zetu.

Pikapu ile kaka aliipenda kuliko chakula. Alipoinunua ilikuwa imeinama mbele kidogo, kama zilivyo pikapu nyingi, ili ikibeba mzigo nyuma ikae sawa. Salehe hakupendezwa. Akamwambia fundi aweke vipande vya chuma juu ya springi za mbele, gari likainuka, likasimama sawasawa. Fundi alimwonya waziwazi: mbele kukishainuliwa, magurudumu hayakai tena kama yalivyokuwa na hula tairi upande mmoja, kwa hiyo aende mjini yakapimwe na kunyooshwa upya. Kaka akajibu kwamba gari halivuti upande, usukani umetulia, sasa kipimwe nini? Akaahirisha wiki, wiki ikawa miezi. Matairi aliyapaka dawa yakang'aa kwa nje. Uzuri wa mkakasi, mwanangu, ndani kipande cha mti.

Basi tukiwa tayari kuondoka, akaja Mzee Maganga. Huyu alikuwa Mnyamwezi aliyehamia kwetu zamani, na Mnyamwezi kwetu sisi Wakwere ni mtani. Mtani ana haki ya kumzuia bibi harusi njiani mpaka apewe kitu, na lolote atakalosema siku hiyo hakuna wa kukasirika. Mzee Maganga akajitupa chini mbele ya gurudumu.

"Mke wangu haendi popote! Nataka jogoo!"

Tukacheka, ngoma zikazidi. Kaka akapiga honi. Mzee pale chini akageuza shingo, akalitazama tairi kwa upande wa ndani. Kisha akainua kichwa.

"Salehe, mjukuu wangu, usiondoe gari. Tairi limeliwa huku ndani, waya zinaonekana."

Hapo ndipo tulipocheka zaidi. Nani amsadiki mtani siku ya harusi? Alivyozidi kuapa ndivyo watu walivyozidi kushika mbavu. Shangazi yetu mmoja akamletea jogoo kweli, amekwisha fungwa miguu. Mzee Maganga akamsukuma jogoo pembeni, wala hakumtazama.

Nikaacha kucheka. Mtani anayekataa jogoo hafanyi utani tena. Nikateremka, nikalala mchangani na kanga yangu mpya, nikapitisha mkono nyuma ya tairi. Kwa nje lilikuwa na meno mazuri, kwa ndani mpira umekwisha na waya ukanichoma kidole. Nikazunguka upande wa pili, nako vilevile.

"Zainabu, panda!" kaka akafoka. "Wakwe wanatusubiri, unataka kuniaibisha?"

"Kaka, shuka uangalie mwenyewe."

"Nimesema panda!"

"Sipandi. Na ukitaka kuondoka, utanipitia juu."

Nikalala kando ya Mzee Maganga. Usidhani sikuogopa. Kwetu msichana hakumjibu kaka yake mbele za watu. Lakini nilifikiria barabara ya lami inayopita Msata, mwendo wa kaka ninaoujua, na mama yangu amekaa kule mbele na nguo zake za harusi. Nikasema moyoni, heri wanicheke. Nusu shari kuliko shari kamili.

Kicheko kikakatika. Mlango ukafunguliwa, mama akashuka, akamshika mkono Mwanaidi naye akashuka. Ndipo Salehe akateremka, akainama, akaweka mkono pale nilipoweka mimi. Alipoinuka alikuwa amesawijika.

Mzee Maganga akajikung'uta mchanga. "Mjukuu wangu, uliinua mabega ya gari, ukadhani miguu itabaki palepale? Fundi alikuambia." Kisha akatugeukia sisi wengine. "Na nyinyi, mtu acheke nanyi miaka yote, siku akiacha kucheka hamuoni?"

Tukangoja mpaka upande wa bwana harusi ukatuletea gari jingine. Tulifika Kaole alasiri imekwisha, wakwe wamenuna, pilau limepoa. Nilimtazama mama akila lile pilau baridi, mzima wa afya, nikalia, na watu wakadhani namlilia bibi harusi.

Leo, mwanangu, vifaa vya kuinulia gari mnavinunua madukani vikiwa ndani ya boksi, na picha zake zinavutia. Inua gari lako, sikukatazi. Lakini ukiinua tu, nenda kapime magurudumu kabla hujalipeleka popote, usiseme usukani umetulia. Kisha kila mara inama, upitishe kiganja nyuma ya tairi, mahali ambapo wapita njia hawaoni. Unapogusa kitu kimoja, jua umegusa na vingine vilivyoungana nacho. Na ukiiona hatari, iseme. Wasiposikia, simama hapohapo usiondoke, hata kama sauti inatetemeka. Aibu ya siku moja huisha. Mimi yangu iliisha kabla ya kufika Kaole.

Mwenyezi Mungu akuongoze barabarani, uende salama urudi salama. Akujaalie mtani wa kulala mbele ya gari lako, na siku hiyo, watu wote wakicheka, akupe wewe moyo wa kushuka.