Kipande cha Mkanda Kwenye Kopo la Vifungo

Kabla sijawa mwalimu wa vijana nilikuwa mtu wa gari la sinema. Tulizunguka na jenereta na shuka jeupe, Nzega, Igunga, mpaka Ziba, tukiwaonyesha watu filamu za mbolea na za choo cha shimo, na baadaye za vijiji vipya vya ujamaa, ambamo kila mtu alitabasamu na jembe begani. Nilikuwa na kanuni moja tu: mkanda hauingii kwenye projekta mpaka niunyanyue kwenye mwanga nione kilichomo. Niliwahi kuwaonyesha wazee wa msikiti filamu ya ufugaji wa nguruwe, na funzo lile lilinitosha.

Gari lilipokosa vipuri wakanipa chumba kwenye ukumbi wa maendeleo pale Tabora mjini, pamoja na kamera ndogo ya kuzungusha ufunguo iliyoachwa na mtaalamu mmoja wa kigeni aliyerudi kwao. Kila Jumamosi asubuhi walikuja vijana kama kumi. Nikawaambia filamu za mafunzo nimezichoka, wapige wanachotaka. Wawili wakaifunga kamera gotini wakatembea nayo kwenye barabara ya zamani ya misafara, ile waliyoipita babu zetu na pembe za ndovu mabegani, ikatoka filamu ya miguu na vumbi tupu. Mwingine alipiga tone la maji likidondoka kwenye sufuria mpaka ufunguo ukaisha. Katibu wa tawi alikuja kutazama, akauliza filamu hizi zinafundisha nini. Nikamwambia bado tunatafuta.

Mkanda mpya ulikuwa adimu kuliko sukari. Kwa hiyo tulifua ile ya zamani. Filamu za kilimo zilizochakaa tuliziloweka kwenye karai la maji ya moto yenye dawa ya kung'arishia nguo, tukazisugua kwa kitambaa mpaka picha yote ikatoka na mkanda ukabaki mweupe kama kioo. Hapo ndipo vijana walipochora juu yake kwa wino na kuukwaruza kwa sindano. Ukiupitisha kwenye projekta, mikwaruzo inaruka ukutani. Walilipenda jambo hilo kuliko kamera yenyewe.

Miongoni mwao alikuwapo binti wa miaka kumi na sita kutoka Lusu, aliyekaa kwa mjomba wake hapa mjini. Bibi yake, ndiye aliyemlea, alikuwa ameambiwa ahame, nyumba ivunjwe, aende kijiji kipya. Bibi huyo hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Nikampa binti kamera na mkanda mmoja mpya, dakika tatu kasoro, aende nao likizo. Aliporudi alinisimulia picha moja moja: bibi anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, bibi anafunga mlango, bibi anaisogelea kamera na kuuliza, "Unanitazama nini na kisanduku hicho?"

Mkanda ukapanda treni kwenda Dar es Salaam kusafishwa ili picha zitokee. Baada ya hapo kila Jumamosi ilianza hivi:

"Shikamoo, mwalimu. Imerudi?"

"Marahaba. Bado."

Bibi alihamishwa, na kabla mvua hazijaanza akafariki. Binti alipanda lori, lori likaharibika njiani. Jumamosi iliyofuata alikaa kwenye benchi, mikono mapajani.

"Nimekuta wameshazika," akasema. "Hata kumwosha sikuwahi. Na machozi hayaji, mwalimu. Nadhani yatakuja nikimwona kwenye filamu."

Nilipaswa kusema pole kwa namna fulani ya kibinadamu. Nilisema pole kama ninavyomwambia mtu aliyejikwaa. Mwaka ule nilikuwa nimekufa ganzi. Filamu ya vijiji vipya niliwaonyesha watu wa Lusu mimi mwenyewe, na huenda bibi yake alikuwa amekaa pale mbele mchangani, akiwatazama wale wenye majembe na tabasamu. Nililiwaza jambo hilo kama mtu anavyowaza habari za redioni.

Gunia lilifika kutoka stesheni likiwa na vikebe sita. Nilikuwa nimewaomba wa Dar vipande vibovu vya kufua, wakavikata na kuvituma. Kila kikebe kilibandikwa karatasi yenye maneno yaleyale: kilimo cha pamba. Sikunyanyua hata kimoja kwenye mwanga. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini siku ile, na jibu ninalolipata halina uzito: nilikuwa sijali. Nikawaambia vijana, haya, kila mmoja achukue chake.

Binti yule alichagua kilichokuwa juu. Aliuloweka mkanda, akakunja mikono ya gauni, akasugua huku akiimba kidogo kidogo wimbo wa kwao. Ncha ya mkanda aliiacha ikining'inia nje ya karai. Nilipita na mkasi kuikata isizoe uchafu, na kwa mazoea ya mkono tu nikaipeleka dirishani. Palikuwa na mwanamke mzee ameshika ungo wa michembe. Nyuma yake palikuwa na mlango.

Nikageuka. Karai lilikuwa na maji meusi, na mkanda wote mikononi mwa binti ulikuwa mweupe. Huko Dar waliutia mkanda wake kwenye kikebe cha pamba kwa sababu vikebe vilikuwa haba, nadhani. Nakala ya pili haikuwapo. Niliitia ile ncha kwenye mfuko wa shati nikasimama pale, na sikusikia chochote ndani yangu, hata hofu.

Wakati wa kuondoka alinijia, vidole vimechubuka kwa dawa.

"Mwalimu, imerudi?"

"Bado," nikasema.

Juu ya mkanda ule alichora matone mekundu, maelfu, yakianguka bila kufika chini. Tulipouonyesha ukumbini watu walipiga makofi. Katibu wa tawi akauliza tena, inafundisha nini? Binti akajibu, "Haifundishi, inanyesha." Wote wakacheka. Aliendelea kuniuliza mpaka alipomaliza shule akaolewa Urambo, nami niliendelea kumjibu neno lilelile.

Miaka ilipita. Siku moja alikuja kwangu mchana, mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni, akanisalimu, nikamwitikia. Akacheka. "Nimepita tu kukujulia hali. Ile filamu yangu ilirudi?" Aliuliza kama utani wetu wa zamani.

Nikaenda kuchukua kopo la vifungo la marehemu baba yangu, aliyekuwa fundi cherehani. Kipande kilikuwa chini kabisa, kirefu kama kiganja. Akakipeleka dirishani, akakitazama muda mrefu.

"Bibi huyu," akasema. "Na sehemu nyingine?"

"Uliifua wewe. Ile ya matone mekundu. Mimi nilijua siku ileile."

Mtoto alilia kidogo, akamtingisha bila kugeuka.

"Kumbe nilimwosha," akasema.

Nilingoja anitukane. Alikifunga kipande kwenye pindo la khanga, akakaza fundo kwa meno.

"Ungeniambia siku ile ningelia, mwalimu. Sasa nitaanzia wapi?"