Farasi Aliyepakwa Liwa

Kidole changu cha kati kina sugu lenye ukubwa wa kokwa ya zambarau. Daktari akiliona huniuliza kama nilikuwa fundi cherehani. Namwambia hapana, nilikuwa karani wa waamuzi wa farasi, naye hunitazama kama mtu aliyeficha maradhi ya pili. Nimeandika maneno ya waamuzi miaka mingi, Mahajanga, pwani ya Madagaska, na baadaye kisiwa cha Nosy Be, na nimechoka kwa uchovu usioponyeka kwa kulala. Lakini nikianza kuyasimulia wajukuu hucheka mpaka wanamwaga chai, basi naendelea.

Farasi tuliachiwa. Mwishoni mwa miaka ya sabini Wafaransa wengi wa Mahajanga walifunga masanduku, na farasi haingii kwenye sanduku. Wakabaki farasi kama kumi na wanne, mikononi mwa watu waliokuwa wakiwalisha na kuwasugua. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mmoja wa watu hao. Waajiri wake walimwachia jike mmoja mdogo mweupe, si mrefu kuliko punda aliyelishwa vizuri, mwenye pua ya waridi kama ndani ya kombe la baharini. Kila alasiri mjomba alitoka naye mtaa wa Mangarivotra mpaka barabara ya ufukweni, akawapandisha watoto na kuwazungusha. Hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitaka. Alikuwa mtu wa kuongea na farasi zaidi ya kuongea na sisi, na kusema kweli farasi alimjibu vizuri zaidi.

Mji ukaweka sharti moja. Farasi hasimami ufukweni bila kadi ya maonyesho ya mwaka ule, na kadi lazima iwe na maneno matatu: anafaa kubeba watoto. Bila maneno hayo, rudi nyumbani.

Mimi nilikuwa msichana wa kiwanda cha kamba. Mchana nilichambua kamba, nadhani nimechambua kamba wa bahari nzima na wengine wa bahari ya jirani, na jioni nilisoma shule ya watu wazima. Nilipopata cheti nilikitembeza mtaani siku tatu kama bibi harusi. Habari zikafika kwa watu wa maonyesho: kuna binti anayeandika Kifaransa bila kuuliza herufi. Wakanipa kiti kidogo pembeni ya mwamuzi na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibiwe.

Kazi ilikuwa hivi. Farasi anazungushwa, mwamuzi anasema neno lake, mimi naliandika kwenye kadi kwa Kifaransa, yeye anagonga muhuri. Mwisho napanda juu ya kiti na kuzisoma kadi zote kwa Kimalagasi mbele ya watu, maana wenye farasi wengi hawakusoma. Karani haongezi wala hapunguzi. Na karani mwenye jamaa uwanjani anaondolewa. Hilo la pili nililisikia vizuri sana, nikanyamaza. Mjomba naye alinyamaza. Siku za maonyesho tulisalimiana kwa mbali kama wageni waliokutana sokoni.

Miaka miwili ya kwanza mwamuzi alikuwa askari mstaafu wa pwani hiyohiyo, mwenye goti bovu na masharubu ya kutundikia taulo. Aliwatazama farasi kama washitakiwa. "Andika," aliniambia kuhusu farasi mmoja mwekundu. "Anajua alichofanya." Nikaandika. Mwingine: "Anatembea kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani." Mwingine aligoma kusogea kabisa, mwenyewe akawa anamvuta huku jasho linamtiririka. "Andika, mwenye farasi ana kifua kizuri na mwendo wa kuridhisha. Farasi sikumwona." Na jike la mjomba lilipopita alivua kofia. "Mpole. Angekuwa mke wa mkuu wetu wa kituo, tungefanya kazi kwa amani. Anafaa kubeba watoto." Muhuri, paa.

Mwaka wa tatu goti la askari likakataa kabisa. Akaletwa daktari wa ng'ombe kutoka nyanda za juu, aliyeteremka Mahajanga juma lilelile, bado amevaa sweta. Sweta, Mahajanga! Jua la siku ile lingechemsha chai kwenye kiganja. Na maonyesho, ambayo siku zote yalikuwa asubuhi, yakasogezwa mpaka saa sita kwa sababu mgeni wa heshima alichelewa.

Daktari alikuwa mtu wa haki. Nasema hivi kwanza kwa sababu yanayofuata hayamsaidii. Alijua ng'ombe kama mimi ninavyojua kamba. Farasi hakuwajua, lakini hakutaka kuonekana hajui. Farasi wa kwanza alipofika, akampapasa juu ya mabega kwa muda mrefu, akarudi kwangu uso umekunjamana.

"Andika. Nundu, hakuna."

Nikamtazama.

"Hukusikia, mademwazeli?"

"Nimesikia, Dokta."

Nikaandika. Wa pili: "Nundu, hakuna, lakini anajitahidi." Wa tatu: "Shingo ndefu kupita mahitaji." Wa nne alimfungua mdomo, akahesabu meno, akasahau alipofikia, akahesabu tena. "Meno yanatosha." Nilijiuma shavu nisicheke. Nilikuwa karani, na siku ile nilikuwa nimejitengeneza nionekane karani hasa: sketi ya kuazima, nywele nimezibana, na uso nimeunawa mpaka ukang'aa.

Hapo kwenye uso msomaji anisikilize. Wanawake wa upande wetu, sisi Wakomoro wa Mahajanga, tukienda juani, tunapaka liwa. Tunasugua kijiti chake juu ya jiwe la matumbawe na maji kidogo, tunapaka mashavu na pua, rangi ya manjano inakauka usoni na jua halikuchomi. Wamalagasi wa kwetu wanaiita masonjoany. Kiwandani nilipaka kila siku. Siku ya maonyesho niliiosha, kwa sababu niliona mtu mwenye cheti hakai mbele ya daktari na uso wa manjano.

Ndipo jike la mjomba likaingia uwanjani.

Msimu ule jua lilikuwa limemchuna pua. Farasi mweupe ana ngozi laini pale, ilikuwa imebabuka na kutoa magamba. Nilikuwa nimemwona mjomba asubuhi ile uani, amechuchumaa, anasugua kijiti cha liwa cha marehemu mke wake juu ya jiwe. Sikufikiri lolote. Alimpaka kuanzia macho mpaka tundu za pua, kwa upole, na kwa kuwa liwa ilibaki, akammalizia na mashavu. Uwanja mzima ulipomwona, akina mama waliguna kwa raha. "Tazama mwari!" mmoja akapaza sauti. Mjomba akatembea kifua mbele. Kwa mtu yeyote wa Mahajanga, yule alikuwa farasi aliyepambwa na mtu anayempenda.

Daktari alisimama kama aliyeona moto. Akamkaribia, hakumgusa. Akainama, akatazama pua, akatazama mashavu, akarudi kwangu akinong'ona kwa huzuni ya kweli.

"Manjano ya ini. Na imetoka mpaka kwenye ngozi. Sijapata kuona."

Nilikuwa na nafasi pale. Nimeipima mara nyingi kuliko nilivyopima kitu kingine maishani, ilikuwa na urefu wa pumzi moja. Kama uso wangu ungekuwa na liwa kama siku zote, angegeuka na kuiona bila mimi kusema. Haikuwepo. Ilibaki kusema. Na nikisema, "Dokta, ile ni liwa, mjomba wangu amempaka," kiti kile kidogo kingetoka chini yangu mbele ya mtaa mzima. Nikasema nusu.

"Dokta, labda amepakwa kitu."

"Farasi hapakwi vipodozi, mademwazeli. Tafadhali andika. Ugonjwa wa manjano, hali mbaya. Hafai kubeba watoto. Atengwe."

Nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kweli siku ile. Muhuri, paa.

Kisha nikapanda kwenye kiti kusoma. Kadi za nundu watu walicheka, mzee mmoja akajikalia chini kwa kucheka, na mimi nilikuwa nazisoma polepole nikiomba jua lizame kabla sijafika kadi ya mwisho. Halikuzama. Nilipomaliza kusoma ile ya mjomba, hakucheka mtu. Mama yule aliyemwita mwari akasema, "Manjano gani? Si masonjoany ile?" Watu wakaguna. Mjomba akachovya kona ya kanzu yake kwenye ndoo ya maji, akampangusa farasi uso. Pua ikatokea, ya waridi, yenye magamba. Daktari aliiona. Akaangalia muhuri. Kadi ikishagongwa haibadilishwi mpaka mwaka ujao, ndivyo ilivyokuwa, na mgeni wa heshima alikuwa tayari anatafuta viatu vyake aondoke.

Jioni nilikwenda kwa mjomba. Alikuwa akichanganya pumba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakugeuka. "Ulijua ni liwa?"

"Nilijua."

"Nilidhani labda kule kiti kilipo haionekani vizuri."

Hakuna tusi nililowahi kutukanwa linalofikia hilo. Nikamwambia kisa cha kiti na sharti la jamaa. Akasikiliza yote, akampa farasi pumba.

"Sawa," akasema. "Na wewe ulikitafuta sana kile kiti."

Alasiri za mwaka ule hakutoka. Alimzungusha farasi uani bila mtoto mgongoni, duara juu ya duara, mpaka udongo ukawa na mfereji. Kisha akasikia kwamba Nosy Be kuna hoteli inataka farasi mpole wa kupandisha watoto wa wageni, na kule hakuna anayeuliza kadi. Akampakia kwenye lori la mbao. Barabara ile naijua: abiria anaingia na meno yote na anashuka na nusu. Mpaka bandari ya Antsahampano, na pale akamwingiza kwenye pantoni, akiwa amemfunika macho kwa shali ya marehemu mke wake. Alinitumia salamu moja tu kwa mtu: farasi hakutapika, yeye alitapika.

Mimi nilibaki na kiti. Niliwaandikia waamuzi wengine wanne, kila mmoja na lake. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyewapa farasi alama zenye desimali, na padri aliyewasifu wote kwa usawa na kutangaza washindi kumi na wawili. Watu walinialika harusini ili niyasimulie. Nilisimulia, na kila nilipofika kwa daktari wa ng'ombe niliishia kwenye nundu.

Miaka ikapita, nikapata kazi ya ukarani Nosy Be, nikahamia. Mjomba alinipokea vizuri, alinipa chumba. Hatukulitaja lile. Farasi alikuwa amezeeka, mashavu yamebonyea, lakini kila alasiri walikuwa mchangani, na kila asubuhi alimpaka liwa puani, mistari miwili tu, kama mtu anayepiga mswaki.

Kisha na Nosy Be wakaanza kudai kadi. Wakaandaa maonyesho, farasi sita. Mwamuzi hayupo. Mmoja akasema yupo mama mmoja ameshasikia waamuzi wote wa Mahajanga. Nikawaambia wazi, mwenye farasi mmoja ni mjomba wangu. Wakacheka. "Mama, kisiwa hiki nani si mjomba wa mwenzake?"

Basi nikasimama upande ule mwingine wa kalamu. Mjomba alimleta mbele yangu taratibu, na mimi nikafanya nilichoona wengine wakifanya, ila mimi huyu nilimgusa. Nikapitisha mkono mgongoni. Ulikuwa umezama katikati, kila pingili unaihesabu. Nikainua mguu wa mbele, akatetemeka kuubeba mzigo kwa ile mitatu. Nikamwomba mjomba amkimbize hatua ishirini. Alikimbia saba akasimama, akamtazama mjomba, si mimi.

Niliwahi kuota siku hii. Katika ndoto nilisema maneno matatu, mjomba akavua kofia, na yale ya Mahajanga yakafutika.

"Mjomba," nikamwambia kwa Kikomoro, watu wasisikie.

"Naona unavyoona," akasema. "Nimeona tangu mvua zilizopita. Sikutaka kuwa mimi wa kulisema."

"Nikiandika hivyo, kesho hutoki."

"Kesho nitatoka naye tu, tutembee. Kutembea hakuna kadi." Akamsugua sikio. "Andika, mwanangu. Safari hii ni kweli."

Karani wangu, kijana wa benki, alikuwa akingoja na kalamu. Nikamwambia aandike: mgongo umechoka, miguu imechoka, asibebe mtu tena.

"Basi?" akauliza.

Mjomba alikuwa hajaondoka. Alikuwa akingoja kitu, hatamu mkononi, uso wa farasi umeelekezwa kwangu na mistari yake miwili ya manjano.

"Ongeza," nikamwambia karani. "Uso, liwa safi. Ngozi chini yake haina ugonjwa wowote, wala haikuwahi kuwa nao."

"Haikuwahi?" kijana akauliza. "Mama, hilo tunalijuaje?"

"Mimi nalijua. Andika."

Nikagonga muhuri. Nilipanda mwenyewe juu ya kiti, na kadi ile niliisoma ya kwanza.