Betri Zisizotoboa Suruali

Mume wangu Ngui amechaji betri Kitengela tangu miaka ya tisini. Wakati huo stima ilikuwa ya wachache, na watu walileta betri za gari kwa mkokoteni ili wapate kutazama televisheni nyumbani. Wenye malori ya ng'ombe kutoka Bisil waliwapita mafundi wengine wote wakija kwake. Alizitia maji, akazitia asidi, kisha akajipangusa mikono kwenye suruali kama mtoto mdogo.

Na asidi haina huruma. Leo tobo gotini, kesho pajani. Nilishona viraka huku nikimtukana. Lakini niseme ukweli, matobo hayo yalinituliza roho. Mwanamume wa suruali kama ile atatamaniwa na nani? Nikiona tobo jipya jioni, nilijua alikuwa kazini. Mimi niko na wivu, sifichi. Hata dada zake wanajua.

Basi mwaka wa elfu mbili na tisa matobo yakaisha.

Mwanzoni nilifikiri ni bahati. Mwezi ukapita, suruali nzima! Nikainusa: hakuna asidi, kuna sabuni ya kunukia. "Baba Musila, siku hizi unafanya kazi wapi?" nikamuuliza.

"Kuna magari yamekuja, yanatumia petroli na stima. Betri zake hazitiwi asidi. Niko Rongai, najifunza kuzitengeneza."

Gari la stima! Ngoja nicheke. Huyu ananiona mimi zuzu, nikasema moyoni. Chakula kilinishinda. Ndoa ya miaka yote hiyo, na nitaachwa kwa uongo wa kitoto namna hii?

Siku moja nikamfuata mpaka Gataka, huko huko upande wa Rongai. Akaingia kwenye ua wenye lango la buluu. Nikiwa pale nje nikasikia kicheko cha mwanamke, halafu cha Ngui. Ngui wangu, anayemaliza sahani nzima ya ugali bila kusema neno, anacheka! Kichwa kikaniwaka moto, nikasukuma lango.

Kweli kulikuwa na gari, limefunguliwa nyuma. Mezani palikuwa na betri ndefu, seli zake zimepangwa bega kwa bega. Na aliyeinama hapo pamoja na mume wangu alikuwa dada mrembo, amevaa ovaroli na glavu nene za mpira.

"Kumbe ni huyu!" Nikaikimbilia ile betri niitupe chini.

"Usiguse!" Ngui alinisukuma kwa nguvu, nikaanguka chali kwenye changarawe. Anipige mimi, mbele ya mwanamke! Nikapiga nduru. "Haya, nimalize basi, ukae na yeye!"

Ngui alikuwa amechuchumaa, ameshika kichwa. "Stima ya betri hiyo ingekuua, Nzembi," akasema. "Ingekuua hapa mbele yangu."

Yule dada akaninyanyua. Aliitwa Adero, fundi aliyesomea betri hizo, na ndiye aliyekuwa akimfundisha Ngui. Akanipangusa vumbi polepole. "Mama Musila, hapa anakutaja kutwa nzima. Nzembi hivi, Nzembi vile. Nilitamani sana kukuona."

Maneno hayo yangefaa kunifurahisha. Wapi! Yalinichoma zaidi. Nikamgeukia Ngui. "Yeye ananijua mimi. Mbona mimi simjui yeye? Unitajie gari, unitajie betri, halafu mwalimu umruke?"

"Ningekwambia ni mwanamke, ungekuja kuleta fujo."

"Na sasa sijakuja?"

Adero akageuza uso. Ngui akatazama viatu vyake. Hakuwa na mwanamke wa nje, hilo sasa nililiona. Lakini mazungumzo yake yote alikuwa akiyamalizia pale, na mimi ananiletea kimya nyumbani. Nikavuta kiti, nikakiweka katikati yao, nikaketi.

"Endeleeni," nikasema. "Na chenye mlikuwa mnacheka, nielezwe na mimi."