Bima Iliyokuja Kuposa Mvara

Candiru wa Mvara ni mtu wa kuuliza. Akinunua nyanya anauliza zimetoka shamba la nani, zilichumwa lini, na kwa nini ile mbovu imewekwa chini. Mimi ni jirani yake kwa miaka kumi na mitano, nami nakwambia wauza nyanya wa soko la Arua wakimwona kwa mbali huanza kukohoa. Kwa hiyo aliposema anatafuta bima ya afya, niliwahurumia watu wa bima.

Sababu ilikuwa mumewe. Obitre ni seremala, anatengeneza vitanda kule Oli, na kwa miaka minne alikuwa na ngiri. Akiinua ubao, kitu kilitokeza kinenani, naye alikisukuma ndani kwa kiganja na kuendelea na randa yake. Daktari wa hospitali ya Kuluva alimwambia ipasuliwe mapema, maana utumbo ukinasa pale mtu hufa. Obitre akaitikia vizuri, akaiweka kadi ya hospitali chini ya godoro. Kila aliyemuuliza aliambiwa kuna vitanda vya harusi vinasubiriwa.

Candiru akazunguka mjini. Kampuni ya kwanza ilimpa mwavuli mzuri sana, lakini alipoomba orodha ya hospitali zao, zote zilikuwa Kampala. Akaikataa bima, mwavuli akabaki nao. Ya pili ililipa mtu akishakufa, na Candiru akawaeleza kwamba mumewe akishakufa ngiri haitamsumbua tena. Ya tatu ilikubali Kuluva, ikakubali upasuaji, na hata ugonjwa wa zamani baada ya kusubiri miezi mitatu, mradi utajwe kwenye fomu. Akauliza tena: siku mkinikatalia, nalalamika kwa nani? Wakala wao alikuwa kijana aitwaye Lionel, ambaye wazazi wake walihamia Arua kutoka Kongo. Alisema hajawahi kuulizwa swali hilo. Akaenda kuuliza ofisini, akarudi na jina la Shakirah wa dawati la malalamiko.

Sasa hapo ndipo mwerevu wetu alipoboronga. Obitre anaamini kwamba kuutaja ugonjwa ni kuuita, kwa hiyo Candiru hakutamka neno bima. Alimwambia tu kwamba Jumamosi kuna kijana anakuja na maswali yake, basi aoge na avae shati. Na nyumba hiyo ina binti wa miaka ishirini na miwili, Jovia, mwalimu wa chekechea. Baba gani angefikiria kitu kingine?

Obitre akampigia simu dada yake Sitti, aliyeolewa Koboko, maana mazungumzo ya namna hiyo hayaanzi bila shangazi. Sitti akapanda gari la asubuhi na kufika na daftari jipya. Mimi nikaombwa viti. Nilitoa sita, na kwa kuwa viti ni vyangu, nikakalia kimoja.

Candiru mwenyewe alichelewa sokoni, kwa sababu ya nyanya. Lionel akaingia amevaa tai, akapokewa kwa mikono miwili. Alitaka majina ya wote wa nyumbani, umri wao na picha za pasipoti. Sitti akaninong'oneza kwamba kijana huyu ana mpangilio. Kisha Lionel akafungua fomu na kuanza kuuliza: kuna mwenye kisukari hapa? Presha? Kifafa? Ngiri?

Huku kwetu, kabla watoto hawajaoana, kila upande huupeleleza ukoo wa pili. Wanatafuta magonjwa, wazimu, hata uchawi, na wanatafuta kimyakimya, kwa majirani. Hakuna baba anayekiri, kwani akikiri binti atazeekea jikoni kwa mama yake. Obitre alishangaa kidogo kuulizwa usoni, lakini moyoni alimsifu kijana kwa ujasiri. Akanyoosha mgongo.

"Kwetu ugonjwa hapana iko," akasema. "Mutu ya ukoo yangu inakufa na uzee tu."

Lionel akaandika. Sitti naye akauliza upande wao utatoa nini. Lionel akataja kitanda cha hospitali, dawa, upasuaji, na uzazi hadi mara nne. Sitti akaandika "uzazi mara nne" na kuupigia mstari. Alitaka kuendelea na ng'ombe, lakini Obitre akamkanyaga mguu, kwa sababu ng'ombe hawatajwi siku ya kwanza. Kisha mzee akatia sahihi karatasi ya Kiingereza ambayo hakuna aliyemsomea. Jovia alileta chai, akamtazama mgeni, akalitazama daftari la shangazi, akarudi jikoni akicheka hadi akamwaga maziwa.

Candiru alipofika, Lionel alikwisha kuondoka akiwa amefungiwa paja la kuku. Mumewe akampongeza kwa kupata mkwe mwenye tai. Candiru alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaeleza. Aliuliza pia, maana ni yeye, kama maswali yote yalijibiwa sawasawa. Obitre kwa aibu akasema ndiyo. Mimi niliyesikia kila kitu nikanyamaza, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwezi wa nne tangu sahihi ile, ngiri ikaanza kuuma hata akikaa. Wakaenda Kuluva, na bima ikakataa kulipa. Kadi ya hospitali ilisema miaka minne, fomu ilisema mzee ni mzima, basi mteja ameficha ugonjwa. Candiru hakusema na mumewe siku mbili, na nyumba ile ikiwa kimya siku mbili, majirani huja kuuliza kama kuna msiba. Siku ya tatu akatukusanya wote, Obitre, mimi, na Sitti na daftari lake, akatupeleka kwa Shakirah.

Shakirah alikuwa mwanamke wa miwani, uso mkavu. Alisoma barua ya kukataliwa, akasoma daftari la Sitti tangu mwanzo: mkwe ana tai, mkwe anatoa uzazi mara nne. Akavua miwani na kujifuta macho. Kisha akamwita Lionel, akamuuliza kama alimsomea mzee fomu kabla ya sahihi. Lionel akasema hapana, akitazama viatu vyake. Basi nusu ya kosa ni yetu, Shakirah akasema. Fomu ingejazwa upya pale pale, miezi waliyokwisha kusubiri ingehesabiwa, na upasuaji ungelipwa. Sharti lilikuwa moja: mzee aseme magonjwa yote kwa mdomo wake, mbele yetu, na ukibaki hata mmoja, yeye Shakirah hataweza kumtetea tena.

Obitre alimtazama Lionel mwenye kalamu, akamtazama dada yake, akaanza. Ngiri, miaka minne. Presha. Meno mawili ya nyuma. Baba yake hakufa kwa uzee, alikufa kwa kisukari. Sitti akajifunika uso kwa mtandio. Kila alipotaja kitu alijikunja kidogo, na nilimhurumia kweli. Candiru alikuwa akihesabu kwa vidole na kusahihisha tarehe.

Shakirah akauliza kama yamekwisha.

"Iko moja," Obitre akasema. "Mimi naogopa kisu. Hii miaka ine haikuwa kazi, ilikuwa woga. Usiku silali. Nafikiri, kama nakufa kwa ile meza, huyu mama atabaki na nani?"

Candiru aliacha kuhesabu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alimshika mumewe mkono bila kumuuliza kitu.

Lionel akasema taratibu kwamba fomu haina mahali pa kuandika woga.

"Andika," Candiru akamwambia, bila kuuachia mkono wa mumewe. "Kesho wasiseme alificha."