Njia ya Mashine ya Majani

Jirani yangu akishakaza skrubu huifuta kichwa kwa kidole gumba, kama anayemfuta mtoto makamasi. Kiangazi chote alikuwa uani akijenga njia ya mbao ya kupandia banda la vifaa, ili mashine yake ya kukata majani, ile ya kukalia kama mfalme, iingie bila kurushwarushwa. Wanaume wa mtaa tulisimama na bia zetu tukisifia mteremko. Mkewe, Marlys, akapaza sauti dirishani kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu: "Mzee wangu, kwani mashine nayo imevunjika nyonga?" Tukacheka sana, Mungu atusamehe. Mumewe hakuinua hata macho. "Subiri, mama. Hapa najifunza tu. Ya kwako ya mlangoni sitaki nikosee." Wala hakuwa anatania, ubao uliopinda kidogo tu aliurudisha dukani. Theluji ya kwanza ilipoanguka, mlangoni bado kulikuwa na ngazi zilezile, na binti yao akaja kumchukua mama akaishi kwake. Jirani akambeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

"Umekuwa mwepesi," akamwambia.

"Nimekonda kwa kukungoja."