Kumi na Tatu Kasoro Chembe

Nilipotoka chuoni nilipewa kazi katika kiwanda cha sukari, miaka ile ambapo miwa ilikuwa imefika hadi vizingitini mwa nyumba na watu waling'oa hata migomba ili kuipisha. Chumba cha kompyuta hakikuwa na dirisha. Niliyejua kuiandikia programu nilikuwa mimi peke yangu, na siku nyingi sikusikia sauti ya mtu tangu asubuhi hadi king'ora cha zamu.

Nilipanga chumba Musanda, kwa mama mjane aliyekuwa na shamba la miwa nyuma ya nyumba. Ndiye pekee aliyezungumza nami. Aliniletea obusuma, ugali wa kwao, na mboga, akasimama mlangoni hadi nionje.

"Kula, mwanangu. Hiyo mashine yako haipikangi."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa maktaba ya programu: vipande vidogo ambavyo programu nyingine zingeviazima. Kimoja kiligeuza nambari zenye desimali kuwa maandishi ya kuchapishwa. Maabara ilipima utamu wa sampuli tatu kutoka kila shamba, kompyuta ikatafuta wastani, na orodha ikabandikwa ubaoni. Shamba lililofika kumi na tatu lilikatwa. Lisilofika lilingoja duru nyingine, miezi mitatu mbele.

Niliamua kwamba baada ya tarakimu moja ya desimali, zinazobaki zitupwe. Niliona huo ndio uaminifu: nambari isipewe hata chembe isiyokuwa yake. Nilijivunia uamuzi huo kama mtu aliyekataa hongo.

Orodha ilipotoka, shamba la mama lilikuwa na 12.9.

"Bado, mama," nilimwambia.

"Haya. Kama karatasi imesema."

Miezi miwili baadaye miwa yake ilichanua. Kila asubuhi nilipita chini ya maua yale meupe, nikijua kwamba muwa uliochanua huanza kukauka moyoni. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikaomba daftari la maabara. Sampuli zake zilikuwa 12.8, 13.1 na 13.1. Nilijumlisha kwa kalamu: thelathini na tisa kamili. Nikagawanya kwa tatu.

Kompyuta huhesabu kwa sifuri na moja tu, na desimali nyingi haziwezi kukaa humo zikiwa kamili. Hukaa karibu na ukweli. Hilo nililijibu vizuri kwenye mtihani. Ndani ya mashine kumi na tatu yake ilikuwa kumi na mbili nukta tisa tisa tisa, tisa zikifuatana, na mimi nilizitupa zote isipokuwa ya kwanza.

Mkubwa wangu alisikiliza, macho yake yakiwa mlangoni. "Rekebisha, kijana, unyamaze. Wakulima wakisikia mashine inakosea, kesho kila mmoja atakuja hapa anatafuna muwa kama ushahidi."

Nilirekebisha: tarakimu ya mwisho ikadiriwe kwa iliyo karibu zaidi. Kunyamaza sikuweza. Jioni ile nilimweleza mama yote, na kwamba kosa halikuwa la mashine.

Alikaa kwenye kizingiti, sahani yangu mapajani mwake.

"Mimi naonjanga miwa yangu," alisema hatimaye. "Ilikuwa imeiva. Nilijua."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesemaje? Karatasi ilikuwa yako. Nilisema, mtoto wa watu amesoma, nisimwaibishe."

Niliomba shamba lake lipimwe upya mara moja, na kwa kuwa nilisisitiza sana, wakakubali. Nilisimama kando ya mtambo wa kuchapa, nikaisubiri karatasi mwenyewe. 11.6. Nilirudia hesabu kwa kalamu mara tatu. Kipande changu cha programu sasa kilikuwa sahihi kabisa. Sukari ndiyo iliyokuwa imeondoka.

Nilimpelekea jibu. Alitikisa kichwa, akanipa sahani, akarudi ndani bila kungoja nionje.