Bei ya Gari Ndani ya Eda

Nilijua. Kwa miaka kadhaa nimewaambia watu, wakiwemo ambao hawakuniuliza, kwamba sikujua yule mjane wa Kibaha alitaka pesa ya gari afanyie nini. Nilijua vizuri. Aliniambia mwenyewe, tumekaa mkeka mmoja, goti lake likigusa langu, na mimi nikatikisa kichwa kwa huruma huku nikipiga hesabu.

Marehemu mumewe nilisoma naye chuo kikuu. Alikuwa akiniita dada, kwa hiyo mkewe akaniita wifi, nami nikaupokea uwifi huo bila kuonyesha cheti. Walikuwa wamejenga upande wa ndani wa Mlandizi, mahali ambapo barabara ni mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Hapo ndipo rafiki yangu, alipovuka miaka arobaini, alipopeleka gari la spoti: jekundu, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba mbuzi akisimama mbele yake alikuwa analitazama kwa juu. Akilitoa, anakwenda nalo taratibu mpaka kwenye lami, anakimbia dakika chache kuelekea Chalinze, anarudi taratibu, analiosha. Kwa kuwa hakuwaamini ndugu zake, kadi ya gari aliiandikisha jina la mkewe, ambaye hata kuliwasha hakujua.

Alikufa kwa presha, ghafla, bila mtoto.

Nilikwenda kwenye hitima ya arobaini. Wanaume walikuwa chini ya turubai, wanawake ndani, kisomo kinaendelea. Nilitoka kunawa mikono, nikaona gari limefunikwa pembeni ya ukuta. Nikanyanyua kifuniko. Wenzangu walipokuwa wanaitikia amina, mimi nilikuwa nimechuchumaa, nimeweka viganja kwenye kioo kama darubini, nasoma kilomita. Zilikuwa chache. Nikaitikia amina.

Naomba nieleze hesabu yangu, kwa sababu ndicho kitu pekee katika habari hii ninachoweza kukieleza bila kuona haya. Gari la namna ile huanguka bei kama nazi. Mwanzo kishindo kikubwa, kisha linabiringika polepole mpaka linatulia. Aliyelinunua jipya huko lilikotoka ndiye aliyekula kishindo. Marehemu akala kule kubiringika, pamoja na ushuru wa bandarini. Mimi nilitaka kuliokota likiwa limetulia. Na magari machache ya aina ile, yakishatulia, huanza kupanda tena, kwa sababu vijana wa Dar huyaabudu na mapya hayaletwi. Niliulizia sehemu tatu mjini, nikaambiwa bei ya haki ni milioni ishirini. Nikatoa vipuri vyake vya kuagiza, nikatoa bima, nikatoa mafuta yake yanayonyweka kama uji wa futari. Bado faida ilikuwapo, mradi tu ninunue chini ya kumi na tano. Hesabu hiyo, nasikitika kusema, ilikuwa sahihi.

Mama yangu, ambaye ninaishi naye Kisarawe mjini, hakuikubali.

"Gari lenyewe la watu wawili?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi siku nikiumwa nitakaa wapi? Kwenye buti, kama mkungu wa ndizi?"

"Utakaa mbele na mimi."

"Na kwetu Kurui tutafika nalo?"

Kurui lisingefika hata kwa dua. Tumbo lingebaki kwenye tuta la kwanza.

"Kwa hiyo umesoma mpaka chuo kikuu," akasema, "ili ununue gari lisilofika kwenu." Akaendelea kukunja khanga zake za biashara. Kisha, bila kunitazama: "Huyo mwanamke yumo eda. Wewe kila Ijumaa uko kwake. Unafuata msiba au unafuata gari?"

"Vyote, mama."

"Basi Mungu akusamehe kimoja."

Kila Ijumaa nilibeba kilo mbili za sukari, nikaenda. Mjane alikuwa amekaa eda kama inavyokaliwa kwao, kwa ukali wa mashemeji zake: hatoki nje ya geti, hajipaki manukato, haonani na mwanaume asiye maharimu wake. Miezi minne na siku kumi. Wanunuzi wa magari ya spoti nchini mwetu ni wanaume, na madalali wa magari ni wanaume zaidi. Wangeweza kulitazama gari wakionyeshwa na shemeji yake mkubwa, lakini mjane hakumwamini shemeji huyo, na alikuwa na sababu. Aliyebaki ni mwanamke anayeweza kuingia ndani, kuvua viatu, na kuzungumza bei. Gari lolote lina wanunuzi wengi. Lake, kwa kipindi chote cha eda, lilikuwa na mmoja, naye alikuwa analeta sukari.

"Wifi," aliniambia siku ya kwanza tulipolizungumzia, "wewe msomi. Hebu niambie, hivi gari linaoza?"

"Haliozi. Linachakaa. Kila mwaka yanaingia mapya, lako linashuka."

"Hata kama halitembei?"

"Hasa kama halitembei. Betri inakufa, matairi yanapasuka, panya wanakula nyaya."

Akacheka, akaziba mdomo kwa ncha ya khanga. "Basi tuko wawili humu ndani."

Nilichomweleza kilikuwa kweli. Nilichoacha kumweleza ni kwamba betri na matairi ni kazi ya milioni moja na chenji, na mimi nilikuwa najiandaa kupunguza nane kwa ajili yake. Hiyo ndiyo faida ya elimu. Mtu asiyesoma akitaka kukudhulumu itabidi aseme uongo.

Ndipo akanieleza. Nyumba ilikuwa imethaminiwa milioni ishirini na nne. Kwa kuwa hakuna mtoto, fungu lake lilikuwa robo, zilizobaki za ndugu za mume. Ndugu walitaka kuuza. Shehe aliyegawa mirathi aliwabembeleza wampe nafasi ya kununua mafungu yao, wakampa mpaka eda iishe. Milioni kumi na nane. Akizipata, anabaki. Akizikosa, nyumba inakwenda kwa mtu.

"Gari si la mirathi, lina jina langu," alisema. "Nauza kwa hiyo hiyo kumi na nane. Sitaki faida." Akapiga ukuta kofi dogo, kama mtu anayempiga ng'ombe wake begani. "Tofali hizi zote nimezimwagilia mimi, wifi. Asubuhi na jioni. Mwenzangu alikuwa anaosha gari."

Nikasema, kwa sauti ya mtu anayeumia, kwamba gari lile kwa sasa haliwezi kuzidi kumi na mbili.

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemtazama daktari. "Kumi na mbili," akarudia. "Yaani limeshuka hivyo na marehemu hajui."

Wiki zikapita. Kila nilipokwenda nilimkuta amefanya hesabu nyingine. Aliteremka mpaka kumi na saba, kwamba ataongezea kwa kuuza bangili zake mbili. Mimi nilibaki kumi na mbili. Nilikuwa nimejifunza kwamba bei ya kitu kilichotumika haitokani na kitu chenyewe, inatokana na nani ana haraka. Mimi sikuwa na haraka. Nilikuwa na mshahara, mama mkali, na muda wote uliobaki wa eda yake.

Kisha akatokea mnunuzi. Alimfikia kupitia kwa shemeji: mfanyabiashara wa korosho, mtu wa huku kwetu Kisarawe, anataka kumnunulia mwanawe gari. Amesema kumi na saba, taslimu. Mjane alinipigia simu mchana huo huo, sauti imepanda kama ya msichana.

"Wifi, unamfahamu?"

Nilimfahamu. Mama yangu alikuwa akimuuzia korosho kila msimu. Alikuwa mtu anayelipa kabla hujamaliza kupima.

"Simfahamu vizuri," nikasema. "Ila jiulize. Mwanaume anayetaja bei ya gari hajakaa hata kwenye usukani, huyo ni mnunuzi au ni tapeli? Na pesa ipite mkononi kwa shemeji yako? Ukishatoa kadi ya gari, nani atakurudishia?"

"Sasa nifanye nini?"

"Mwambie shemeji gari limeshapata mtu."

"Umenitoa mbali, wifi."

"Ndiyo kazi ya wifi," nikamjibu.

Nimeandika makala nyingi maishani, na nyingi zina sentensi nisizozipenda. Ile siipendi kuliko zote, na ndiyo niliyoisema bila kufikiri. Mfanyabiashara alimnunulia mwanawe gari jingine wiki ile ile. Nilijua kwa sababu alipita nalo dukani kwa mama kusalimia. Mama akalisifia: lina milango minne.

Wakati huo nilijiambia mambo mengi. Kwamba mashemeji wasingempokea hata zile kumi na nane. Kwamba mwanamke peke yake nyumba kubwa ya nini. Kwamba mimi si benki. Yote yanaweza kuwa kweli. Nimeishi nayo kwa raha sana, kwa sababu hakuna aliyenibishia.

Ijumaa ya mwisho ya eda sikwenda. Nilikuwa na udhuru, nimeusahau. Nadhani sikutaka kumuona akihesabu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mezani, nimekwama kwenye aya ya pili ya makala niliyoagizwa kuhusu kupungua kwa utu katika jamii yetu, simu ikaita.

"Asalaam aleikum, wifi."

"Waaleikum salaam. Pole, na hongera kwa kumaliza eda."

"Ahsante. Nimekoga, nimetoka." Nyuma yake kulikuwa na mkwaruzo wa kitu kizito kinachoburutwa sakafuni, na mwanaume anasema polepole, polepole, mguu wa kabati huo. "Nyumba wamempa mtu. Ameshalipa, alikuja jana na mkewe kupima madirisha kwa ajili ya mapazia."

"Jamani. Pole sana."

"Ndiyo hivyo. Mimi nakwenda kwa dada yangu Dutumi, robo yangu watanipa leo. Ila gari siwezi kuondoka nalo, na mwenye nyumba hataki kulikuta." Akasita. "Ile kumi na mbili yako bado ipo?"

Nilinyamaza. Kuna ukimya wa mtu aliyeguswa na kuna ukimya wa mnunuzi, na kwenye simu vinafanana kabisa. Yeye alidhani ni ule wa kwanza, kwa sababu aliniambia, "Usilie, wifi, ni mapenzi ya Mungu."

Sikuwa nalia.

"Limekaa sana," nikasema. "Tuseme kumi na moja."

Kabati likagonga mlango. Alisubiri kelele iishe, kisha akasema haya, wifi, kumi na moja, ila nije mapema, maana adhuhuri wanabadilisha kitasa cha geti.